Sura ya 5: Ipe Programu Sababu, Ikupe Tarehe

Kaunti ya Murang'a ina handaki la kilomita 11.8 lililochimbwa kuchota maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyaelekeza kwenye Bwawa la Ndakaini, bwawa lililokamilika 1994. Wengi huliona kama mradi mmoja. Mpanga ratiba huona mnyororo: handaki, bwawa, mtambo wa kusafisha maji wa Kigoro, kisha bomba la kutoka Kigoro hadi Gigiri, ndipo maji hayo ya ziada yamfikie mkazi wa Nairobi kwenye mfereji wake. Hata handaki likikamilika kwa sifa zote, mtambo na bomba visipokuwa tayari, maji hayafiki mjini. Hakuna tarehe hata moja katika mnyororo huo inayosimama peke yake.

Programu za kupanga miradi zilibuniwa kushughulikia jambo hilo. Mwaka 1957 wataalamu wa kampuni za DuPont na Remington Rand nchini Marekani walianza kutumia kompyuta kutafuta mfuatano wa kazi unaoamua mradi utaisha lini. Primavera P6, Microsoft Project, na hata ProjectLibre na GanttProject ambazo hupatikana bure, zote zimerithi hesabu hiyo. Kosa kubwa la anayeanza ni kuigeuza programu yenye uwezo huo kuwa jedwali la kuchora mistari: anaandika tarehe ya kuanza, anaandika tarehe ya kumaliza, anachapisha karatasi yenye rangi. Kanuni ya sura hii ni moja: tarehe usiiandike wewe. Andika kazi, muda wake, na kazi inayoitangulia. Tarehe itajitokeza yenyewe.

Kazi, muda na kinachotangulia

Tuchukue darasa moja la mawe katika shule ya msingi pande za Kangema. Orodha fupi ni hii: kuchimba msingi siku 5, zege na ukuta wa chini siku 6, zege la sakafu siku 4, kusubiri lishike siku 3, kuinua kuta siku 8, mshipi wa zege juu ya kuta siku 3, kusubiri tena siku 7, kuezeka mabati siku 6. Kila kazi inaifuata iliyo kabla yake. Jumla ni siku 42, ndipo milango na madirisha yafungwe.

Milango na madirisha hayo yanatengenezwa na fundi wa kuchomelea katika karakana mjini Murang'a, naye anahitaji siku 15. Kazi yake haingoji msingi wala ukuta. Inangoja vipimo na malipo ya kwanza tu. Ukiunganisha hivyo kwenye programu, itakuonyesha kwamba fundi huyo ana nafasi ya kusogea ya siku 27. Anaweza kuchelewa kuanza bila kumchelewesha mtu. Lakini akianza baada ya siku ya 30, atamaliza siku ya 45, na mradi mzima utakuwa nyuma kwa siku 3 kwa sababu ya kazi ambayo hakuna aliyekuwa akiiangalia.

Kazi zisizo na nafasi ya kusogea ndizo njia kuu ya mradi. Zipe rangi nyekundu kwenye skrini, na kila asubuhi uanze nazo. Meneja anayemfuatilia kila fundi kwa nguvu ileile anapoteza nguvu zake. Siku moja iliyookolewa kwenye kazi yenye nafasi ya siku 27 haisogezi siku ya kumaliza hata kidogo.

Unapogawa kazi, usiandike "kujenga" kwa siku 40, wala usiandike kila toroli la mchanga. Kipimo kizuri ni kazi ya siku mbili hadi kumi, yenye mtu mmoja wa kuulizwa. Na kila kazi, isipokuwa ya kwanza na ya mwisho, iwe na inayoitangulia na inayoifuata. Kazi iliyoachwa ikining'inia haitamwonya mtu yeyote ikichelewa.

Kalenda ya Murang'a

Ukifungua Microsoft Project kwa mara ya kwanza, inaamini kwamba watu hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa nane kwa siku, na haijui sikukuu yoyote. Mjengo wa huku hufanya kazi Jumamosi pia. Kwa hiyo kabla ya kuingiza kazi hata moja, rekebisha kalenda: weka Jumamosi, ondoa Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, Jamhuri tarehe 12 Disemba, na sikukuu nyingine zinazohusika.

Kisha weka yale ambayo hakuna programu inayoyajua. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Disemba. Kwenye miteremko ya udongo mwekundu, lori la mawe halishuki barabara ya matope, na shimo la msingi hugeuka dimbwi usiku mmoja. Kazi za kuchimba zipewe kalenda yake yenye siku chache za kazi katika miezi hiyo; kazi za ndani zibaki na kalenda ya kawaida. Miezi ya vuli ndiyo pia ya mavuno makubwa ya kahawa, na vibarua uliowazoea watakuwa shambani au kiwandani. Ukiwahesabu kana kwamba wako, ratiba yako itakuwa ya uongo kabla hata ya wino kukauka.

Zege nalo halijui Jumapili. Linaendelea kushika usiku na mchana, na linahitaji kumwagiwa maji hata siku ya kanisa. Ukiandika siku 7 za kusubiri kwa kalenda ya siku tano, programu itazinyoosha hadi siku tisa au zaidi. Iandike kazi ya kusubiri kivyake, na uipe kalenda ya siku saba kwa wiki.

Mtego wa tarehe iliyofungwa

Katika Microsoft Project, ukigusa safu ya kuanza na kuandika tarehe kwa mkono, programu huweka sharti kwamba kazi isianze kabla ya siku hiyo. Baadaye kazi iliyotangulia ikiisha mapema, hiyo uliyoiandikia tarehe haitaanza mapema. Tena, tangu toleo la 2010, kazi mpya huingia katika hali ya kupangwa kwa mkono. Ibadilishe iwe ya kujipanga yenyewe kabla hujaanza. Katika Primavera P6, kumbuka kubonyeza F9 baada ya mabadiliko, la sivyo utakuwa unasoma tarehe za jana.

Tarehe za kufungwa zipo, lakini ni chache na kila moja ina sababu nje ya mradi. Mwaka wa fedha wa serikali huisha tarehe 30 Juni. Shule hufunguliwa Januari. Hizo ziandike kama hatua zenye ukomo, kisha uiache programu ikuambie kama zitafikiwa.

Kila Ijumaa

Ratiba ikishakubaliwa na mwenye mradi, hifadhi nakala yake ndani ya programu kabla ya kazi kuanza. Bila nakala hiyo hutaweza kuonyesha umechelewa wapi na kwa nini, na mjadala wa malipo utaamuliwa na mwenye sauti kubwa.

Halafu sasisha kila wiki, siku ileile. Ukimuuliza fundi, "Kazi imefika wapi?" atakujibu, "Iko karibu kuisha," na wiki ijayo atakujibu hivyohivyo. Swali la asilimia nalo halisaidii. Asilimia 90 inaweza kukaa mwezi mzima. Uliza, "Fundi, kwa watu ulio nao leo, zimebaki siku ngapi?" Jibu la siku zilizobaki ndilo programu inaloweza kulihesabu. Ingiza tarehe halisi za kuanza na kumaliza, siku zilizobaki, na tarehe ya leo kama mstari wa kupimia. Kazi yoyote ambayo haijafanyika isibaki nyuma ya mstari huo, maana hakuna anayeweza kufanya kazi wiki iliyopita.

Mwisho, fundi hatafungua kompyuta yako. Chuja kazi za wiki mbili zijazo tu, zichapishe kwa lugha anayoitumia, na ubandike kwenye mlango wa stoo. Yeye ndiye atakayekwambia kwamba kokoto haitafika Jumatano, au kwamba siku 8 za kuta hazitoshi kwa mafundi wawili. Ukirudi na kubadilisha muda huo, tarehe zote zinazofuata zitasogea mbele ya macho yako, na utajua leo jambo ambalo wengine wangeligundua baada ya miezi miwili, tena utalijua wakati bado una nafasi ya kuongeza fundi mmoja au kuagiza madirisha mapema.