Majonzi Yanapopigiwa Ngoma

Vijijini Kangundo, eneo la Wakamba huko Machakos, Kenya, mtu akiacha kula, akijitenga na wenzake na kukesha akiwaza, si lazima daktari awe wa kwanza kutafutwa. Huenda akaitwa mzee wa kanisa, au shangazi, au, kwa sauti ya chini, mundu mue, mganga wa Kikamba. Wengi huwapitia wote kabla ya kufika hospitalini.

Kanisa ni mgeni wa karne moja na ushei. African Inland Mission iliingia Ukambani mwaka 1895, na baadaye ikawa na kituo Kangundo. Kabla yake, aliyefadhaika aliaminika kuguswa na aimu, roho za wazee waliotangulia, na tiba mojawapo ilikuwa kilumi. Ngoma ndefu zilipigwa kwa saa nyingi, wanawake wa makamo wakiimba na kucheza kumzunguka mwenzao, mpaka apandwe na roho na kuanza kusema. Gerhard Lindblom, msomi wa Sweden aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliandika kwa kirefu juu ya aimu na wanawake waliopandwa nao. Roho ilikuwa na madai yake, na madai hayo yalipaswa kutimizwa.

Hapo ndipo penye nguvu ya kilumi. Mke ambaye siku nyingine asingethubutu kumlalamikia mumewe, alisema wazi mbele ya majirani, na maneno yakahesabiwa kuwa ya aimu. Ukoo ukalazimika kusikiliza. Huzuni iliyokuwa imejificha chumbani ikawa shauri la kijiji kizima, na mgonjwa hakuachwa peke yake nayo. Anayeuita huo ushirikina mtupu hajatazama kilichokuwa kikitendeka uwanjani.

Wakoloni waliiogopa nguvu hiyo. Wimbi la kupandwa na pepo lilipoenea Machakos mwaka 1911 na watu kuanza kukaidi amri za serikali, viongozi wake, Siotune wa Kathuke na Kiamba, waliondolewa Ukambani.

Lakini ngoma haitoshi kwa kila mgonjwa. Sonona kali, kifafa na wazimu wa kusikia sauti vinahitaji dawa, na mgonjwa akicheleweshwa huumia zaidi. Imani nayo ikikosa mipaka huua: katika msitu wa Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, ya waumini walioambiwa wafunge mpaka kufa.

Katika Kaunti ya Makueni, jirani na Machakos, njia ya busara imejaribiwa. Watafiti wa taasisi iliyoasisiwa na Profesa David Ndetei, daktari wa akili, waliwaketisha pamoja waganga wa jadi, waombezi na wahudumu wa hospitali, watu waliozoea kushukiana. Waganga na waombezi walifundishwa kutambua dalili za sonona kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kumsikiliza mgonjwa, na kumpeleka kliniki hali inapowazidi. Mganga hakuambiwa aache kazi yake. Aliambiwa ajue inapoishia.

Mazungumzo peke yake pia yamepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wanawake 421 wa mitaa ya pembezoni mwa Nairobi, waliowahi kutendewa ukatili, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikutana mara 5 na wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa kuwasaidia kutuliza mwili, kukabili shida moja baada ya nyingine na kurudi kwa watu wao. Miezi 3 baadaye, dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Wahudumu hao hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia, na watu kama hao wapo Kangundo pia.

Kikwazo kimoja kikubwa kwa mazungumzo kama hayo kilikuwa sheria. Aliyemwambia mganga au mchungaji kwamba alijaribu kujiua alikuwa anakiri kosa la jinai. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Kwa uamuzi huo, anayeisikia siri hiyo ana sababu ya kumshika mgonjwa mkono na kwenda naye hospitalini bila kuhofia kituo cha polisi.