Kiwiko cha Mtoto Kisichokunjika: Usikivute, Mpeleke Kliniki

Mama anapomwogesha mtoto mchanga ndipo hugundua mengi. Mara chache sana, kiwiko hukataa kukunjika au kunyooka. Huenda mtoto amezaliwa na kasoro ya kiungo hicho.

Mikono huumbika katika wiki za mwanzo za mimba. Mifupa miwili iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono huanza ikiwa imeshikana, kisha hutengana. Isipotengana, mtoto hawezi kugeuza kiganja kitazame juu. Wengi hugunduliwa baada ya kutimiza miaka 2, wanaposhindwa kupokea kitu kwa kiganja wazi. Wengine huzaliwa na mfupa uliokaa nje ya mahali pake, au viungo kadhaa vilivyokakamaa, hali inayompata takriban mtoto 1 kati ya 3,000. Si laana, wala si kosa la mama.

Hatari ya kukanda

Kuvuta au kukanda kiwiko kwa nguvu kunaweza kuvunja mfupa. Tena, si kila mkono usiosonga una kasoro ya kuzaliwa; huenda uliumia wakati wa kujifungua. Mtoto akiwa na homa, kiwiko kimevimba na analia kikiguswa, huenda kiungo kina usaha. Hiyo ni dharura: afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Pa kuanzia

Mkazi wa Misikhu anaweza kuanzia Hospitali ya Misheni ya Misikhu, au kumweleza muuguzi wakati wa chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kiwiko cha mtoto mchanga bado ni gegedu, eksirei huenda ikarudiwa akikua. Anayehitaji daktari bingwa wa mifupa anaweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, au hospitali ya watoto ya CURE, Kijabe.

Matibabu

Viungo vilivyokakamaa hunyooshwa taratibu, jinsi mzazi alivyofundishwa na mtaalamu, pamoja na vifaa vya kushikilia mkono. Matokeo huwa bora yakianza katika miezi ya kwanza. Si kila mtoto huhitaji upasuaji. Lengo kuu ni mkono ufike mdomoni, ili mtoto aweze kujilisha na, baadaye, kujivika nguo mwenyewe.