Utangulizi: Maji ya Yakan

Anayeanza kusoma dini mpya za Afrika Mashariki hukutana na maji mapema, tena huyakuta mikononi mwa watu wanaokwenda vitani. Nabii Kinjekitile Ngwale aliyagawa Ngarambe, kusini mwa Tanzania ya leo, kabla ya Vita vya Maji Maji vilivyoanza 1905. Wapiganaji wa Alice Lakwena walinyunyiziwa huko Acholi, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1986. Sisi tunaanzia Koboko na Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa maji ya dini iliyoitwa Yakan.

Mwenye maji hayo alikuwa Rembe, nabii wa Kikakwa. Mwishoni mwa karne ya 19, magonjwa yakiua watu na ng'ombe na wageni wenye bunduki wakiingia, wazee wa majirani zao, Walugbara, walimwendea kuyanunua. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Rembe mwenyewe alikuja kwao. Maji yalichanganywa na mmea unaolevya. Aliyeyanywa aliahidiwa kwamba maradhi yatampita, wafu na mifugo watarudi, na risasi zitageuka maji. Waingereza, waliofungua ofisi Arua mwaka 1914, waliishika ile ahadi ya mwisho tu. Rembe alinyongwa Yei, upande wa Sudan, mwaka 1917. Mwaka 1919 wafuasi wake na polisi wakapambana, watu wakafa, na machifu kadhaa wakahamishwa.

Hivyo maji haya yakaingia kwenye majalada ya serikali kama silaha, na wengi bado wanayasoma hivyo. Mimi nayasoma kwanza kama dawa. Kwa Walugbara, mizimu ya ukoo ilitambikiwa nyumbani, na wazee ndio waliokuwa na haki hiyo. Lakini Adro, Mungu kwa upande wake ulio duniani na wa kutisha, alikaa mitoni na porini, na huko hakuna ukoo wenye mlango. Maji ya Yakan nayo yalinywewa na wote: wanawake kwa wanaume, vijana kwa wazee, ukoo huu pamoja na ule. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi na Walugbara kati ya 1949 na 1952, aliutilia mkazo usawa huo, na kwangu hiyo ndiyo maana nzito kuliko zote. Ugonjwa haukuchagua ukoo, na tiba yake haingeweza kuchagua.

Anza na makala ya Middleton ya mwaka 1963 kuhusu Yakan. Kisha nenda Koboko ukawasikilize wazee, na uwaulize kuhusu ugonjwa kabla hujawauliza kuhusu risasi.