Stoo ya mabati kuwa nyumba ya kuku: kata kuta kabla ya kununua kuku

Nyuma ya nyumba nyingi mjini Garissa, kuanzia Iftin hadi Galbet, kuna stoo ya mabati isiyo na kazi kubwa. Ndani mna magunia matupu, godoro kuukuu na baiskeli isiyo na gurudumu. Mkazi anayetaka kuanza kufuga huitazama akaona nyumba ya kuku tayari anayo: paa lipo, mlango una kufuli, nguchiro hapiti. Huingiza kuku 30 mwezi wa Novemba, mvua za deyr zikinyesha, na mambo huenda vizuri. Februari inapofika, katikati ya jilaal, hufungua mlango alasiri moja na kuwakuta wengi wamelala chini, midomo wazi, mabawa wameyatandaza. Baadhi yao hawaamki tena.

Mara nyingi mfugaji hudhani ni ugonjwa, akakimbilia dawa. Dalili moja humwonyesha tofauti. Vifo vya joto hutokea mchana, hasa kati ya saa saba na saa kumi, na hupungua jua likitua. Ugonjwa hauchagui saa.

Hasara ya aina hii si ndogo. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2023, misimu 5 ya mvua ilikosekana mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa katika kaunti kame za Kenya. Familia iliyopoteza mbuzi wake haiwezi kurudisha kundi kwa mwezi mmoja, lakini inaweza kuanza na kuku. Wakifa nao katika alasiri moja, huondoka na pesa ya mwisho iliyokuwepo.

Kuku hatoki jasho. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hadi 42, na njia yake kuu ya kulipunguza ni kutweta na kuachanisha mabawa ili upepo upite ubavuni. Joto la hewa likipita nyuzi 30 huanza kutaabika, na mjini Garissa joto la mchana katika jilaal mara nyingi hupita nyuzi 35. Hapo ni kivulini, penye upepo. Ndani ya chumba cha mabati kilichofungwa, paa lenyewe huwa jiko. Kuku anayetweta muda mrefu hula kidogo, hutaga kidogo, na mayai yake huwa na ganda jepesi, kwa sababu hewa ya kabonidayoksaidi anayoipoteza kwa kutweta ndiyo mwili ungeitumia kutengeneza ganda.

Wafugaji wa kuhamahama walilijua hili kabla mabati hayajafika. Aqal hufunikwa kwa mikeka inayopitisha hewa na isiyoshika joto la jua kama bati. Kugeuza stoo kuwa banda la kuku ni, kwa kiasi kikubwa, kuifanya ifanane zaidi na aqal.

Kuta

Kazi ya kwanza ni kukata. Kwenye pande mbili zinazotazamana, mabati yaachwe futi 2 tu kutoka ardhini, na sehemu yote ya juu iwekwe wavu wa waya. Zile futi 2 za chini huzuia vumbi na kuwapa kuku pa kujificha. Upande mmoja pekee hautoshi, kwani upepo usio na pa kutokea hauingii.

Pande zipi? Garissa iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi moja kwa moja. Kuta hizo zibaki zimefungwa. Za kaskazini na kusini ndizo za kukata. Upepo wa miezi ya joto hutoka kaskazini mashariki, na wa katikati ya mwaka kusini mashariki, hivyo nafasi hizo mbili huupokea mwaka mzima. Mwenye kujenga upya angelaza banda lote kutoka mashariki hadi magharibi. Stoo iliyokwisha kusimama haigeuzwi, lakini ukuta wake wa magharibi unaweza kupewa kivuli: mwarobaini uliopo, au turubai lililotandazwa hatua moja kutoka ukutani.

Mabati yaliyokatwa yasiuzwe. Yapigiliwe juu ya nafasi hizo kama upenu wa futi 3, kwa sababu jua huinama kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Nguzo za mathenge zinafaa kuubeba. Ni ngumu, na kila mtu angependa mti huo upungue.

Hapa mfugaji atauliza swali la haki: ukuta ukikatwa, usiku itakuwaje? Waya mwembamba wa kuku huwazuia kuku wasitoke, lakini haumzuii nguchiro wala paka-mwitu, na nyoka hupita ndani ya matundu yake. Sehemu ya wavu iliyo karibu na ukuta wa chini iwe ya matundu madogo ya nusu inchi, ipigiliwe kwa mbao na si kufungwa kwa kamba. Chini, mabati yazikwe futi moja ardhini au yazungushiwe mawe, kwa sababu nyegere huchimba. Gharama kubwa ya kazi hii iko kwenye wavu huo, na si mahali pa kubana matumizi.

Paa

Mabati yakiwa chini ya futi 7, paa liinuliwe kwa nguzo ndefu. Sehemu ya juu kabisa iachwe mwanya wenye wavu ili hewa ya moto itoke. Kisha paa lenyewe lifunikwe: mikeka au makuti ya mkoma juu ya fito, yakiacha nafasi ya kiganja kati yake na bati. Nafasi hiyo ina kazi, maana makuti yakilala juu ya bati hupitisha joto chini. Asiye na makuti apake paa chokaa nyeupe na kurudia linapofifia. Jiko la kuni likiwa karibu, chokaa ni salama kuliko makuti.

Idadi na maji

Stoo ya futi 10 kwa 10 ingebeba kuku 50 katika maeneo ya baridi. Hapa wasizidi 30. Maranda ya sakafuni yawe mepesi, inchi 2 hivi, kwa kuwa tabaka nene likioza hutoa joto lake lenyewe. Shamba likiwa kando ya Tana, sakafu iinuliwe. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 bado yanakumbukwa.

Kuku mzima hunywa takriban robo lita kwa siku hali ya hewa ikiwa ya wastani, na mara mbili yake wakati wa joto kali. Kuku 30 watataka lita 15, karibu jerikeni nzima. Kwa nyumba inayonunua maji ya mkokoteni wa punda, hiyo ni hesabu ya kufanywa kabla ya kuku kununuliwa. Chombo cha udongo kivulini huyaweka maji baridi kuliko cha plastiki. Magunia ya katani yaliyoloweshwa na kuning'inizwa upande wa upepo hupoza banda vizuri katika hewa kavu ya jilaal, na maji ya kusuuzia nguo yanatosha kwa kazi hiyo.

Chakula kitolewe kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni, kwani kusaga chakula huongeza joto mwilini. Kuku aliyezidiwa apelekwe kivulini, aloweshwe miguu na kilemba, apewe maji taratibu. Kumkimbiza mchana humuua.

Kabla ya kuku kuingia, mfugaji akae ndani ya banda saa tisa alasiri na kipimajoto kilichofungwa usawa wa kuku. Joto la ndani likizidi lile la kivulini nje, kazi ya paa haijaisha. Kipimo hiki ni muhimu zaidi kwa anayeagiza vifaranga walioboreshwa wa KALRO kutoka Naivasha, mji ulio takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Garissa haifiki mita 200.

Chanjo ya kideri hutolewa kila baada ya miezi 3, asubuhi mapema. Isafirishwe ndani ya kasha lenye barafu, na ikishachanganywa itumike ndani ya saa 2. Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, hivyo majirani wanaweza kuinunua kwa pamoja na kuchanja siku moja. Maafisa wa mifugo katika kaunti ndogo hutoa ushauri kuhusu chanjo na ujenzi wa mabanda.