Mwanao yuko mwaka wa mwisho chuoni na simu hapokei

Mama, umezoea kuongea na mwanao kila Jumapili. Sasa anatuma ujumbe tu: "Niko bize na utafiti." Wewe huku Kagondo unawaza: anaumwa? Ameacha chuo?

Huenda ni tasnifu, ripoti ya utafiti ambayo wanafunzi wengi wa shahada huandika kabla ya kuhitimu. Huelemea hata waliozoea kufaulu. Mtihani una siku yake na maswali yake. Kwenye tasnifu mwanafunzi hutafuta mada, hukusanya taarifa, huandika, humpelekea msimamizi, hurudishiwa imejaa masahihisho, kisha huanza tena. Kwa miezi kadhaa hakuna kengele ya kumwamsha, hivyo hali yake mwenyewe huamua mengi.

Anayetaka kila sentensi iwe kamili hachelewi kukwama kwenye ukurasa wa kwanza. Mwenye aibu hukwepa ofisi ya msimamizi, na kadiri anavyokwepa ndivyo hofu inavyokua. Ukimtazama kwa nje utasema ni mvivu. Mwingine hana nauli ya kwenda kukusanya taarifa, au pesa ya kuchapa. Na yupo anayejua kwamba kahawa ya nyumbani iliuzwa butura, ikiwa bado mtini, ili alipiwe ada. Huyo atakwambia vipi kwamba amekwama?

Kwa hiyo usianze na "Unamaliza lini?" Muulize, "Msimamizi alikwambia nini mara ya mwisho?" Akikwambia hajamwona siku nyingi, mshauri ampelekee hata kurasa mbili zenye makosa. Na mambo ya nyumbani yanayoweza kusubiri, yasubiri.

Muulize pia kuhusu usingizi. Kijana wa umri wake anahitaji angalau saa saba kwa usiku. Kukesha kwa kahawa kila siku hupunguza umakini na kumbukumbu, ndipo kazi inazidi kwenda polepole.

Huzuni au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda kukidumu wiki mbili au zaidi, pamoja na kutolala, kutokula au kujiona hafai, inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa, na unatibika. Aende zahanati ya chuo au hospitali iliyo karibu, au kwa mshauri wa wanafunzi.

Akisema heri afe, usimkemee. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mpigie mwenzake wa chumbani au ndugu aliye karibu akae naye, wampeleke hospitali siku hiyo hiyo.