Kabla ya Kuuliza Injini, Keti Kwenye Kigari

Nje ya mgahawa mmoja pale Mto wa Mbu tulikuta pikipiki yenye kigari ubavuni, rangi yake ya kijani imemezwa na vumbi. Wenye nayo, mtu na mkewe kutoka Ulaya, walikuwa ndani wakisubiri chakula. Wanaume kama sita tulikuwa tumeizunguka, na maswali yetu yalikuwa yale yale ya kila siku: cc ngapi, inakimbia ngapi, inakunywa lita ngapi. Mke wangu hakuuliza hata moja. Alimwomba ruhusa yule mama wa Kizungu, akakusanya kanga yake, akaingia kwenye kigari, akanyoosha miguu na kutazama mbele kwa kitambo.

"Baba Neema," akasema, "huku chini mtu unaona matairi ya malori tu."

Sisi tukacheka. Yule mama, alipotafsiriwa, hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, tena mara mbili, kama mtu ambaye hatimaye amepata shahidi. Hapo ndipo nilipoona kwamba wote sita tulikuwa tunaikagua pikipiki kutoka upande usiofaa. Mwendeshaji huzoea lolote. Ana usukani wa kushika, ana kazi ya kufanya, na shimo analiona kabla halijamfikia. Abiria wa kigari yeye hupokea tu kinachokuja. Kwa hiyo wewe unayepanga kuzunguka njia za vumbi na mwenzako, anza uchaguzi wako ukiwa umeketi pale atakapoketi yeye.

Kwa nini kigari kwanza? Kwetu abiria wa pikipiki hukaa nyuma, na tukizidi mmoja tunapangwa mishikaki. Kwa mwendo wa kutoka stendi hadi nyumbani si neno. Kwa siku tano mfululizo, kwenye barabara iliyojikunja kama bati, ni adhabu: mgongo hauna pa kuegemea, na begi linagombania kiti na makalio. Kigari kinampa mtu kiti chenye mgongo, kinabeba hema, maji na masufuria, na kinasimama chenyewe kwenye tope ambamo pikipiki ya magurudumu mawili ingekuwa imeshalala. Hasara yake ni kwamba chombo kinaacha kuwa pikipiki. Kwenye kona hakilali. Kigari kikiwa kushoto, ukivuta mafuta kinakuvuta kushoto, ukikanyaga breki kinakusukuma kulia, na ukiingia kona ya kushoto kwa kasi, gurudumu la kigari linanyanyuka hewani pamoja na mkeo. Dereva mzuri wa bodaboda atateseka hapa kuliko mtu ambaye hajawahi kugusa pikipiki, kwa sababu mwili wake umezoea kulala kona na sasa lazima usahau.

Nimesikia watu wakisema hiki ni chombo cha starehe cha wazee waliostaafu. Tarehe 11 Desemba 1934, wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa Panther ya cc 600, kigari ubavuni na tela nyuma yake. Walikatiza Sahara. Injini iliwaharibikia huko jangwani, ikabidi ifumuliwe na kuundwa upya Agadez. Wakaendelea kupitia Afrika ya kati, wakateremka hadi kusini kabisa, na tarehe 29 Julai 1935 wakaingia Cape Town. Wallach alikuwa amesomea uhandisi, na nadhani hilo linaonekana kwenye uchaguzi wao. Panther ile ilikuwa na silinda moja kubwa, na pikipiki za jina hilo zilisifika Uingereza kwa kukokota vigari vya familia za wafanyakazi. Hazikuwa za mbio. Walichagua punda, wakaacha farasi.

Punda wa siku hizi anaitwa Ural, na ndiye aliyekuwa amepaki pale Mto wa Mbu. Asili yake ni vita: mwaka 1941 Wasovieti walihamisha mitambo kutoka Moscow hadi mji wa Irbit, mashariki ya milima ya Ural, wakatengeneza huko M-72, pikipiki iliyofuata muundo wa BMW R71 ya Ujerumani. Baada ya vita ikaendelea kuzaa wajukuu. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine na vikwazo vikafuata, kazi ya kuziunganisha ilihamia Petropavl, nchini Kazakhstan. Toleo ambalo wasafiri hulitafuta ni Gear Up: injini ya cc 749 yenye silinda mbili zilizolala huku na huku, nguvu farasi 41, gia nne za mbele na moja ya kurudi nyuma, tangi la lita 19, na uzito unaozidi kilo 330 kabla hujaweka hata chupa ya maji. Magurudumu yake yote matatu ni ya aina moja, na la akiba hufungwa nyuma ya kigari. Ukipata pancha popote, tairi hilo hilo linaingia. Inakunywa lita saba hadi nane kwa kilomita 100, kwa hiyo ukifika kilomita 200 anza kutafuta kituo au ufungue dumu. Mwendo wake mzuri ni kilomita 80 au 90 kwa saa. Anayetaka kupita mabasi ya Arusha asihangaike nayo.

Sifa yake kubwa njiani ni gurudumu la kigari linalosukuma. Kuna kishikio, ukikivuta, shafti inaunganisha gurudumu la nyuma na la kigari, na yote mawili yanakamata ardhi kwa pamoja. Kwenye mchanga wa korongo kavu, kama yale yanayokatiza njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron, hapo ndipo unapomshukuru fundi wa Irbit. Lakini hakuna difu katikati. Magurudumu yakishafungwa pamoja hayawezi kupishana mwendo, na kwenye lami au ardhi ngumu chombo kinakataa kona, kinakwenda moja kwa moja kama ng'ombe mkaidi. Kishikio ni cha kuvuta unapozama na kurudisha unapotoka, basi. Nimeona watu wanazungumza kana kwamba ni Land Cruiser. Siyo.

Sasa turudi kwenye matairi ya malori. Mama Neema hakuwa anatania. Ural zenye gurudumu la kigari linalosukuma hutengenezwa kigari kikiwa upande wa kulia, kwa ajili ya nchi ambazo magari hupita kulia. Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto. Maana yake ni kwamba dereva wetu anakuwa karibu na majani, na mwenzake anakaa katikati ya barabara, kimo cha gurudumu, akitazamana na kila lori linalokuja. Wapo wanaotetea mpangilio huo kwa kusema abiria anaona mbele na anaweza kukuambia kama njia ni nyeupe unapotaka kulipita gari. Ni kweli anaona. Hata hivyo sijui ni nani anayetaka kazi hiyo siku nzima kwenye barabara ya Dodoma. Kama safari yako karibu yote ni njia za vumbi zisizo na magari, msukumo wa magurudumu mawili unastahili kuvumilia ubaya huo. Kama nusu ya safari ni lami, mimi ningechagua kigari cha kushoto na kusukumwa na gurudumu moja, nikakubali kuchimba mchanga kwa koleo mara moja moja.

Ukichagua kushoto, mara nyingi utakuwa unazungumzia pikipiki ya kawaida iliyofungwa kigari, na hapo kazi ni nyingi kuliko inavyoonekana. Wasafiri wengi wa Ulaya hutumia BMW za aina ya R GS: zina nguvu ya kutosha, na zina shafti badala ya cheni, ambayo kwenye mchanga huliwa haraka. Lakini pikipiki hizi hazikuundwa kuvutwa ubavuni. Lazima fremu iongezewe fremu nyingine ndogo chini yake, kigari kishikwe sehemu nne, na miguu ya mbele ibadilishwe au irekebishwe, maana ile ya kawaida hupindapinda na kuufanya usukani uwe mzito kiasi cha kukuua mabega jioni. Tairi la nyuma wengi huweka la gari, lililo bapa, kwa sababu chombo hakilali na tairi la mviringo la pikipiki huisha katikati tu. Kisha kuna kupanga mstari: gurudumu la kigari hukaa mbele kidogo ya lile la nyuma, pua yake ikielekezwa ndani milimita chache, na pikipiki yenyewe ikiinamishwa nje digrii moja au mbili. Fundi akikosea hapo, utapigana na usukani safari nzima na tairi litakwisha kama sabuni.

Vijana wetu wa kuchomelea wanaweza kukufungia kigari kwenye Boxer ya cc 150 kwa siku mbili. Kwa kubeba mikungu ya ndizi hadi sokoni, sawa. Kwa kumbeba mtu unayempenda hadi Loliondo, hapana. Fremu ile haikutegemea mzigo wa kuvuta upande mmoja, na chuma kilichochomelewa vibaya hakikatiki ukiwa gereji.

Kuna jambo moja la njia za vumbi ambalo wauzaji hawalitaji. Magari yakipita sana huacha michirizi miwili na mgongo katikati. Pikipiki ya kawaida huchagua mchirizi mmoja na kwenda zake. Gari huingia yote miwili. Wewe mwenye kigari huwezi kufanya lolote kati ya hayo: upana wa gari kutoka gurudumu hadi gurudumu ni kama mita moja na nusu, wako haufiki hapo. Ukiingiza pikipiki mchirizini, kigari kinapanda mgongo. Ukiingiza kigari, pikipiki inaning'inia. Na mashimo je? Una mistari miwili ya magurudumu, kwa hiyo shimo utakalolikwepa kwa gurudumu la mbele utampa abiria. Ndiyo maana shokapu na springi za kigari ni muhimu kuliko za dereva, ingawa watu hununua za bei mbaya kwa ajili ya dereva na kumwachia abiria kile kilichokuja na kiwanda.

Kwa hiyo ukienda kununua, mpeleke mwenzako, na msimtoe kwenye kigari kwa nusu saa. Akae na kofia ngumu kichwani na koti la safari mwilini, maana nafasi hupungua sana. Miguu inanyooka? Kuna kishikio imara cha mkono wa upande wa nje, au atashika ukingo wa bati? Kioo cha mbele kinazuia upepo bila kumpiga usoni kofia ikiyumba? Turubai ya kufunika magoti inafungwa kutoka ndani, au mpaka dereva ashuke kwenye mvua? Sakafu ina tundu la kutoa maji? Hili la mwisho si la urembo. Mkivuka mto, boksi la kigari huelea kama mtumbwi na kuisukuma pikipiki pembeni. Maji yakizidi magoti, afadhali mtu atembee kwanza kupima, na mizigo ibaki chini kabisa.

Kujifunza kuna utaratibu wake. Usianze na mtu. Weka mifuko ya mchanga, kilo 40 au zaidi, nenda kwenye uwanja wa mpira asubuhi watoto hawajafika, uzunguke kuelekea upande wa kigari hadi gurudumu lake linyanyuke na ujue linanyanyukia wapi. Kigari kitupu ni hatari kuliko kilichojaa. Kwenye ubavu wa mlima, pikipiki ikiwa upande wa bonde, chombo kinataka kupinduka kuelekea kwako, na hapo uzito wa abiria anayeegemea upande wa mlima ndio unaowaokoa nyote wawili. Huyu si mzigo tena, ni mfanyakazi. Mpe mawasiliano ya kofiani. Kupiga kelele juu ya injini ile ni kazi bure.

Pale Mto wa Mbu, wageni wetu walipomaliza chakula, walitoka na kufunga mabegi. Sisi sita tukarudi nyuma kuwapisha, kila mmoja akingoja kusikia injini. Yule mama akavaa kofia, akapanda kwenye kiti cha dereva, akapiga kiki. Mumewe, mrefu kama mnazi, akajikunja ndani ya kigari, magoti yakikaribia kidevu, akavuta turubai hadi kifuani. Wakashika njia ya Engaruka. Mama Neema hakusema kitu. Alinitazama miguu tu, kama anayepima.