Punda Wako Si Mkaidi

Mkulima, ukienda kuteka maji katika mchanga wa Mto Tiva au Thwake, huenda ukamwona punda amesimama ghafula njiani, na mwenyewe anampiga fimbo akisema ni mkaidi. Sivyo. Farasi akiogopa hukimbia. Punda husimama kwanza apate kutazama. Mngoje kidogo, kisha shika kamba utangulie mbele. Akiona wewe huna hofu atafuata.

Yaangalie masikio. Yakilala nyuma, jihadhari na teke. Nawe usimjie kwa nyuma kimya kimya, maana hapo haoni. Sema naye kwanza.

Jambo kubwa ni hili: punda huficha maumivu. Akiumwa hapigi kelele, hupoa tu na kuacha kula. Basi kila jioni ondoa matandiko, upitishe mkono mgongoni. Akishtuka, pana kidonda kinachoanza. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80, mzigo mzito mno kwa punda wetu wadogo. Mpe miwili, mmoja kila upande, na matandiko manene yasiyogandamiza uti wa mgongo. Kidonda kikitokea, asibebe kitu mpaka kipone, hata ikikubidi kuazima punda wa jirani.